Mtani Aliniuzia Boti Huku Nikicheka

Fuso lilikuwa limeshatoka nje ya geti la Gerezani, na mimi nipo juu yake, ndani ya boti, nimekaa kama bwana harusi.

Boti ilifungwa kamba mbele na nyuma. Mwanangu Evarista alikaa mbele na dereva, Samson. Chini, kwenye vumbi, Eliasi alikuwa anatukimbilia huku amevua kofia anapunga.

"Mngoni! Oya, Mngoni! Leo na nyie mmepata usafiri! Babu zako walitoka Afrika Kusini kwa miguu!"

"Rudi jikoni, Mhehe! Mbwa wako anaungua!"

Mafundi wa vyuma wakaacha nyundo wakacheka.

"Haya nenda," akasema Eliasi, anahema. "Lakini nasema mbele za watu. Hiyo boti niliyokuuzia ni ya wizi. Usije ukasema hukuambiwa!"

"Ya wizi ndiyo tamu!" nikapaza sauti. "Niletee na nyingine!"

Wakacheka tena. Nami nikacheka mpaka jino langu la mwisho likapigwa na jua.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nawaeleza kwa kifupi. Mimi ni Ignasi, mzee wa kuzunguka. Nimeishi Chunya, nimeishi Mtwara, nimeishi Mombasa, na sehemu nyingi niliondoka bila kuaga. Nilipochoka nilirudi Magomeni kwa binti yangu. Evarista alikuwa na kizimba cha mbogamboga Kariakoo, alichokipata kwa kuamka alfajiri miaka yote ambayo mimi nilikuwa sipo. Nikamwambia tukiuze, tununue boti, tuwe tunapeleka mboga na maji kwa meli zinazosubiri zamu nje ya bandari. Alikataa. Nikamng'ang'ania. Akakubali kwa shingo upande.

Boti alituletea Eliasi.

Huyu Eliasi nimebeba naye magunia bandarini tukiwa vijana. Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Mnajua wenyewe hayo mambo. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, sisi tukabaki kutaniana. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo ukacheka. Anaweza kuingia kwako akaondoka na jogoo, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Alipofariki mama Evarista, watu walipotaka kutoa jeneza, Eliasi alilala chali mlangoni. "Huyu haendi popote," akasema, "nilimkopesha chumvi hajanirudishia." Ilibidi nimkomboe kwa soda. Watu wakacheka huku wanalia. Nami nilicheka, siku ambayo sikudhani nina kicheko mwilini.

Mtu wa namna hiyo humwombi akuonyeshe risiti.

Basi Fuso likakwama kwenye foleni ya Kamata. Evarista akatoa kichwa dirishani, akanitazama huko juu.

"Baba."

"Naam."

"Kwa nini kila mara anasema ni ya wizi?"

"Ni utani, mwanangu."

"Utani gani wa neno moja? Juzi kijiweni alisema hivyohivyo. Jumapili nyumbani akasema. Leo tena. Mbona zile za mbwa na za kutembea kwa miguu anabadilisha kila siku, hii habadilishi?"

"Wewe umezaliwa mjini, haya huyajui."

"Mimi nauza nyanya, baba. Mteja akiniambia hela yangu hii ni bandia, naiinua juani hata kama anacheka."

"Evarista, ukimuuliza mtani kama anasema kweli, umenitia aibu mimi. Angalia mbele."

Samson akaongeza sauti ya redio.

Tukafika ufukweni, pale vyombo vidogo vinapokaguliwa kabla ya kupewa kibali. Tukaishusha boti, ikakaa nusu mchangani nusu majini. Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo, anaitwa Shadya, viatu vya mpira miguuni, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Hongera, boti nzuri. Cheti?"

Nikampa. Alikwenda mbele ya boti, akasoma kibati kilichopigwa ribiti ubavuni. Mimi nilishakisoma mwenyewe kule Gerezani, namba kwa namba, kidole kwenye cheti na kidole kwenye bati.

"Vinalingana," akasema Shadya.

Nikamgeukia Evarista kama mtu aliyeshinda kesi. Akajifunga kitenge vizuri.

Kumbe mama wa watu hajamaliza. Akazunguka nyuma, mahali injini inapofungwa. Akapapasa pembe ya kulia, juu karibu na ukingo. Akatoa kipande cha msasa mfukoni.

"Mama, hiyo rangi ni mpya," nikamwambia.

"Nimeona. Ndiyo inayonitia hamu."

Akasugua. Vumbi la bluu likadondoka kwenye viatu vyake.

"Mzee, boti za faiba zinazotoka nje huja na namba ya bodi imekandamizwa hapa nyuma, tangu kiwandani. Kile kibati cha mbele mtu yeyote anaweza kukipiga ribiti. Hebu soma hapa."

Nikasoma. Haikuwa namba yangu. Haikufanana hata mwanzo.

"Na cheti chako," akaendelea, "ni cha boti ya futi ishirini. Hii inakaribia thelathini."

"Labda waliipima imekaa," nikasema.

Samson alicheka. Shadya hakucheka. Alikwenda pembeni akapiga simu, akaisoma ile namba ya nyuma polepole, akarudia. Alipokuja uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa kiserikali.

"Mzee wangu, kaeni hapo kivulini. Boti hii inatafutwa."

Tulikaa. Evarista alikuwa anachora mchangani kwa kidole cha mguu, anafuta, anachora tena. Sikumuuliza anachora nini.

Akaja askari, amevaa kiraia. Akaja na bwana mmoja mwembamba, Humoud, mwenye duka la vipuri Kariakoo. Familia yao imekuwa Kariakoo tangu babu yao aliposhuka kutoka Uarabuni. Humoud hakupiga kelele. Aliingia majini na suruali yake iliyopigwa pasi, akaweka kiganja kwenye ubavu wa boti kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Cheti chake alikuwa nacho. Namba ya nyuma na cheti chake vilikuwa kitu kimoja.

"Pole, mzee," akaniambia. "Naona na wewe umeumia. Lakini yangu ilikuwa na injini mbili. Ya pili mmeipeleka wapi?"

"Sisi tumenunua na moja, bwana. Wallahi tena."

"Hata aliyeiba angesema hivyo."

Alisema kwa upole kabisa. Ndiyo ikaniuma zaidi.

Askari akauliza, "Aliyekuuzia unamjua?"

"Namjua kuliko ninavyojijua."

"Basi tupeleke. Binti atatangulia kituoni, jina lake lipo kwenye mkataba wa mauziano."

Nikamshika Evarista bega. "Usiogope. Eliasi hawezi kunitupa. Kuna kitu yeye mwenyewe hakijui, amedanganywa na yeye. Utaona."

"Sawa, baba," akasema. Hakuniangalia.

Njia nzima nilikuwa najiambia hivyo hivyo. Eliasi kadanganywa. Na kama hakudanganywa, basi ameshakimbia, yuko Iringa saa hizi. Mambo mawili hayo tu ndiyo niliyoyaweka kichwani.

La tatu ndilo lililokuwepo.

Eliasi alikuwa kijiweni kwa Nurdin, pale pale kwenye benchi letu nyuma ya soko, kikombe mkononi, amekunja nne. Nurdin muuza kahawa anapuliza mkaa. Wazee wa kila siku wapo.

Askari akaninong'oneza, "Kaa naye ongea kawaida. Mimi nipo hapa." Akaketi mwisho wa benchi akaagiza kashata kama mpita njia.

"Mngoni!" Eliasi akafungua mikono. "Mbona umerudi kwa miguu? Damu haiachi asili!"

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka, na hapo kicheko chao kikafa katikati.

"Eliasi. Boti ni ya wizi."

"Nilikuambia."

"Acha mzaha."

"Mzaha gani? Nilikuambia hapa. Nikakuambia Gerezani. Nikakuambia kwako Magomeni, tunakula ugali wa Evarista. Nurdin, nilisema sikusema?"

Nurdin akashika birika kama vile limemwita.

"Usiniingize," akasema.

"Nakuuliza swali la ndiyo au hapana. Nilisema?"

"Ulisema."

"Na huyu alijibu nini?"

Nurdin akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yananiomba radhi kabla mdomo haujafunguka.

"Alisema ya wizi ndiyo anayoitaka, maana haina ushuru."

"Tulikuwa tunataniana!" nikapiga kelele. Mama anayeuza dagaa ng'ambo akageuka.

"Ewaa!" Eliasi akapiga paja. "Tulikuwa tunataniana. Sasa unalalamika nini? Tangu lini Mngoni anamshtaki Mhehe kwa alichochukua? Hata ukipeleka kwenu Songea watakucheka."

"Hebu subiri kidogo, Eliasi," Nurdin akasema. "Utani wa kubeba kuku nimeuona. Wa kuficha sufuria msibani nimeuona. Wa boti na injini yake, kusema kweli, ndiyo nauona leo."

"Wewe Mzaramo chemsha kahawa."

"Nachemsha. Lakini nimesema."

Mzee mwingine akadakia kwamba mtani ana haki ya kuchukua chochote ilimradi ametangaza. Mwingine akasema chochote cha ndani ya nyumba ya mtani, si cha ndani ya nyumba ya Mwarabu. Wakaanza kubishana wao kwa wao, kana kwamba mimi nimeshazikwa na wao wanagawana vyombo.

Nikamsogelea Eliasi. Sikutaka wengine wasikie.

"Ulilala mlangoni kwangu siku namzika mama Evarista."

Akashusha kikombe.

"Nililala."

"Ukaosha vyombo mpaka matanga yakaisha."

"Nikaosha."

"Halafu leo unaniuzia kitu cha kunifunga? Unajua binti yangu aliuza nini?"

Eliasi alitazama chini kidogo. Alipoinua uso, hakukuwa na utani hata chembe.

"Ndiyo maana nilikuambia, Ignasi. Ile boti ilinielemea, niliwekewa na watu ambao huwezi kuwakatalia, nilitakiwa niitoe. Mtu mwingine ningemuuzia kimya, nikalala usingizi. Wewe nilishindwa. Nikakuambia kwa mdomo wangu, nikarudia. Ungeniuliza hata mara moja, 'Eliasi, kweli?', ningekuambia usinunue. Hukuuliza."

"Mtani haulizwi hivyo!"

"Najua," akasema. "Sheria hiyo na mimi naijua."

Nimeibiwa mara nyingi katika maisha yangu. Nimeibiwa viatu nikiwa nimevaa. Lakini sijawahi kuibiwa na mtu aliyekaa akasubiri nimzuie, kisha akaniambia kosa ni langu kwa kuwa sikumzuia. Mkono uliinuka wenyewe. Sijui ungetua wapi.

"Wazee, shikamooni." Askari alikuwa amesimama, anajipangusa kashata vidoleni. "Mzee Eliasi, tuondoke. Umesema vya kutosha."

Eliasi akamtazama askari, akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe umekuja na mgeni. Na wewe hukuniambia."

"Na wewe mzee," askari akanigeukia. "Inuka."

"Mimi? Mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Uliambiwa ni ya wizi, ukasema ndiyo unayoitaka, haina ushuru. Shahidi huyo hapo na birika lake. Hiyo inaitwa kupokea mali ya wizi huku ukijua. Twende tukaandike."

"Afande, wewe kabila gani? Huna watani?"

"Ninao. Hawajaniuzia boti."

Eliasi akanyoosha mkono kunipisha njia. "Tangulia, Mngoni. Wewe ndiye mzoefu wa safari."

Kuna mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Sikugeuka kuona ni nani, maana ningemjua.

Kituoni tulimkuta Evarista kwenye benchi la ukutani, mikono katikati ya magoti. Afande wa zamu alikuwa ameshika mkataba wetu.

"Mkataba huu una majina mawili," akasema. "Ignasi na Evarista. Kama mmoja alijua, wa pili lazima aeleze. Dada, utaingia kutoa maelezo. Kama na wewe ulijua ukanyamaza, utakaa upande wa baba yako."

Akaitwa na mtu, akatoka. Nikapata nafasi.

"Sikiliza," nikamwambia mwanangu. "Sema hukusikia. Sema kelele za nyundo zilikuwa nyingi. Mimi nami nitasema hivyo. Eliasi atabaki peke yake na maneno yake."

"Nurdin amesikia. Samson amesikia. Gerezani nzima imesikia."

"Hao watasema ni utani. Wewe ni damu yangu, neno lako litakuwa zito."

"Baba, nilikuuliza."

"Najua."

"Nilitoa kichwa dirishani nikakuuliza, na Samson amekaa pembeni yangu. Nikisema sikusikia, nimedanganya, na wao wanajua nimedanganya. Tutaingia wote."

"Basi sema ulisikia, ila ulijua ni utani."

"Sikujua ni utani! Nilijua ni kweli. Wewe ndiye uliyeniambia ni utani." Sauti ilimkatika, akaikamata. "Kizimba changu kimekwenda. Nilikipata nikiwa sina baba wala mama mjini hapa, baba yuko Chunya, baba yuko Mombasa, barua hakuna. Umerudi umekuta kizimba, ukakitaka, nikakupa. Sasa unataka na mimi niende ndani kwa ajili ya vicheko vyenu?"

"Evarista, mimi ni baba yako."

"Shikamoo, baba," akasema.

Akainuka. Akaingia chumba cha maelezo, mlango ukafungwa.

Nilikaa. Eliasi alikuwa mwisho wa benchi hilohilo. Ndani nilisikia sauti ya mwanangu, haikimbii wala haisiti, anasema kama anavyomhesabia mteja nyanya.

"Binti yako hana utani kabisa," Eliasi akasema.

"Nyamaza."

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Pole, Ignasi."

Tangu tujuane bandarini ilikuwa mara yake ya kwanza kuniambia pole bila kuongeza neno la kuchekesha. Nilingoja aongeze. Hakuongeza. Ndipo nikajua kwamba hata yeye haoni pa kutokea.

Mlango ulipofunguliwa Evarista alipita mbele yangu akaenda nje moja kwa moja. Afande alikuja na karatasi zake, akaniambia nisimame niwekwe ndani.

Hivi ndivyo watu wote walivyo hadi naandika haya.

Humoud amerudishiwa boti yake. Injini ya pili haijaonekana. Walipomuuliza Eliasi aliyempa boti ni nani, alitaja majina ya watu ambao polisi wanasema hawapatikani kwenye anwani hizo.

Samson aliandika maelezo, akaendelea na Fuso lake. Ukimpigia simu kumpa mzigo siku hizi anakuuliza kwanza mzigo ni wa nani.

Shadya bado anakagua vyombo palepale ufukweni.

Kijiwe kimegawanyika. Wanaosema mtani alikuwa na haki wamehamia kwa muuza kahawa wa mtaa wa pili. Nurdin amebaki na wachache, na mimi kwake siendi.

Eliasi yuko nje kwa dhamana ya shemeji yake. Alinitumia salamu kwa mtu. Sikuzipokea.

Kizimba cha Evarista sasa kinauza makava ya simu. Yeye anauza nyanya kwenye beseni kando ya barabara, mgambo wakija anakimbia nalo. Tunaishi nyumba ileile Magomeni. Chakula changu naachiwa mezani kimefunikwa.

Mimi nipo nje kwa dhamana, nimekatazwa kutoka Dar es Salaam.

Kesi imepangiwa hakimu. Upande wa Jamhuri umeshataja mashahidi wake. Wa kwanza ni Evarista.